Vocha za Mgahawa za Bei ya Punguzo: Shangazi Apiga Hesabu

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Marekani na baba yao. Nimeona mtandaoni vocha za zawadi za migahawa zinauzwa kwa punguzo, vocha ya dola 25 kwa dola 10. Migahawa miwili kati ya iliyoorodheshwa iko jirani na kwetu, na mmoja tumeshakula. Nataka nichukue kumi kwa mpigo: nyingine tutumie wenyewe, nyingine nigawe zawadi sikukuu zikifika. Baba watoto anasema huo ni utapeli, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuza dola 25 kwa dola 10. Tumebishana mpaka tumeamua tukuulize wewe. Zina faida kweli?

Mama Wawili

JIBU

Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto kwamba si utapeli, lakini jicho lake limeona kitu. Kweli hakuna anayeuza dola 25 kwa dola 10. Unachouziwa ni ahadi kwamba ukija ukala kiasi fulani, siku fulani, kwa masharti fulani, utasamehewa dola 25 kwenye bili. Ahadi hiyo inaweza kuwa na thamani kubwa kwa familia moja na isiwe na thamani hata ya senti kwa familia ya jirani.

Kabla ya kuandika ukurasa huu nilikaa miaka kwenye kaunta ya malipo ya mgahawa, na karatasi hizi zimepita mikononi mwangu nyingi. Nimeona watu wakitoka wamefurahi, na nimeona watu wakibishana na mhudumu mbele ya wageni wao. Mara zote tofauti yao ilikuwa kwamba mmoja aliyasoma masharti kabla ya kuagiza, mwingine aliyasoma bili ikiwa mezani.

Jina kubwa la biashara hii huko Marekani ni Restaurant.com, kampuni iliyoanza mwaka 1999. Vocha yake iliyozoeleka ndiyo hiyo hiyo unayoitaja, dola 25 kwa dola 10, na sharti lililozoeleka ni kwamba lazima ule chakula cha dola 35 au zaidi. Halafu yapo mengine: vocha moja kwa meza moja, mgahawa uleule mara moja tu kwa mwezi, haichanganywi na ofa nyingine. Migahawa mingi haihesabu pombe. Mingine haiipokei Ijumaa na Jumamosi jioni. Mingine inaweka bakshishi ya asilimia 18 moja kwa moja kwenye bili, na asilimia hiyo inapigwa kabla dola zako 25 hazijaondolewa. Kila mgahawa una orodha yake, kwa hiyo usisome ya mmoja ukadhani umesoma ya wote.

Wengi wakiyaona masharti hayo huona ni uchoyo. Hebu tazama upande wa mwenye mgahawa. Zile dola 10 ulizolipa mtandaoni zinabaki kwa muuzaji wa vocha. Mgahawa haupati kitu hapo, unachopata ni wewe kuingia mlangoni. Ukila chakula cha dola 35, mgahawa unapokea dola 10. Viungo pekee, yaani nyama, mchele, mafuta na mboga, kwa kawaida hugharimu karibu theluthi ya bei iliyoandikwa kwenye menyu, kwa hiyo hapo vimeshakaribia dola 12. Bado mpishi hajalipwa, bado pango, bado umeme. Mwenye mgahawa amekubali hasara hiyo kama matangazo, akitumaini utaagiza zaidi ya 35 au utarudi siku nyingine bila vocha. Ndiyo maana anakuzuia Ijumaa usiku: siku hiyo meza zake zinajaa wenyewe, kila anayekalia kiti na vocha amemkosesha mgeni anayelipa kamili.

Groupon, iliyoanza Chicago mwaka 2008, ilikuja na mpango tofauti kidogo. Kule kwa kawaida unanunua cha dola 50 kwa dola 25, na kampuni na mgahawa wanagawana hizo 25, karibu nusu kwa nusu. Mgahawa unabaki na robo ya bei ya chakula ulichokula. Kwako wewe mlaji tofauti ni ndogo, ila ukilijua hili utaelewa kwa nini baadhi ya migahawa hujaribu mara moja kisha haionekani tena kwenye orodha.

Sasa kalamu. Kodi naiacha pembeni, inabadilika kutoka jimbo hadi jimbo.

Chukua wewe na baba watoto mmezoea kutoka wawili, mnakula cha dola 22. Mkiacha bakshishi ya asilimia 18, mnatoka mmelipa dola 25 na senti 96. Siku ya vocha lazima mfikishe 35, kwa hiyo mnaongeza kianzio ambacho hamkukitamani na kitindamlo mnachokimaliza kwa shida. Vocha ililipiwa 10, bili baada ya punguzo ni 10, bakshishi ya chakula cha dola 35 ni 6 na senti 30. Jumla dola 26 na senti 30. Mmelipa zaidi ya siku ya kawaida! Kweli mmekula zaidi, lakini fedha iliyotoka mfukoni haikupungua hata kidogo, na wewe uliingia humo ukitafuta ipungue.

Chukua tena familia nzima, wanne, na bili yenu ya kawaida ni dola 50 bila kulazimisha. Bila vocha mngelipa 50 na bakshishi ya 9, jumla 59. Kwa vocha mnalipa 10 ya mwanzo, 25 iliyobaki kwenye bili, na 9 ya mhudumu: 44. Mmeokoa dola 15 halali kabisa. Hapo nakwambia nunua bila wasiwasi.

Lakini tazama ile asilimia. Walipokuuzia walisema umepata punguzo la asilimia 60, na kwenye vocha ni kweli, 10 kwa 25. Mezani, dola 15 kwenye bili ya 50 ni asilimia 30. Bili ikifika 100, ni asilimia 15. Punguzo lenyewe ni dola 15, halikui, hata mkila mpaka usiku. Watu wanapiga hesabu ya karatasi badala ya hesabu ya bili, na hapo ndipo wanapopotea. Ukinunua, uliza swali moja tu: bili ambayo ningelipa hata kama vocha hizi zisingekuwepo ni shilingi ngapi, ikishuka inabaki ngapi?

Kuhusu hizo kumi, hapana. Vocha kumi ni dola 100. Ukitumia nne, umesamehewa dola 100 kwenye bili, yaani umerudisha fedha yako tu na jasho juu. Ya tano ndiyo inaanza kukupa faida. Sasa niambie, kwa sharti la mara moja kwa mwezi, na mgahawa mmoja tu mnaoufahamu, ya tano mtaifikia lini? Na katika miezi hiyo mtoto ataumwa, zamu za kazi zitabadilika, mgahawa utajitoa kwenye mpango. Nunua moja, ya ule mgahawa mliokwisha kula, baada ya kuamua mtaenda siku gani. Mkirudi mmeridhika, nunua nyingine. Hazitaisha, na kampuni hizi hazichoki kutuma barua pepe za "mwisho leo". Tena mara kwa mara bei hushushwa zaidi, vocha ileile ya dola 10 ikauzwa dola 4 au chini ya hapo. Anayesubiri hakosi kitu.

Kuna kitu kingine ambacho hukukiuliza, nami nisipokitaja nitakuwa sijakujibu vizuri. Kando ya vocha hizi zipo kadi za zawadi za kawaida zinazouzwa chini ya thamani yake. Maduka ya jumla kama Costco huuza kadi za migahawa za thamani ya dola 100 kwa takriban dola 80. Hiyo ni fedha. Haina kima cha chini, kwa kawaida haina siku iliyokatazwa, salio linabaki kwenye kadi mpaka safari nyingine. Asilimia 20 inaonekana ndogo mbele ya 60, sivyo? Basi pima: kwenye bili ya dola 75, asilimia 20 ni dola 15, sawasawa na ile vocha yako. Bili ikivuka 75, kadi ya asilimia 20 inaishinda vocha ya asilimia 60. Na bili ikiwa chini ya 35, vocha haifanyi kazi kabisa ilhali kadi inafanya. Kwa anayekula kwenye migahawa ya matawi mengi, mimi kila siku namwelekeza kwenye kadi. Udhaifu wake ni kwamba karibu zote ni za migahawa hiyo mikubwa. Mgahawa mdogo wa familia unaoupenda hutaukuta humo, na huko ndiko vocha zina nafasi yake.

Kadi nayo usiirundike. Mwaka 2024 peke yake, Red Lobster iliomba kinga ya mahakama ya kufilisika mwezi Mei na TGI Fridays mwezi Novemba, majina ambayo kila mtu Marekani anayajua. Mgahawa ukifunga milango, mwenye kadi anakuwa mdai miongoni mwa wadai, tena yuko nyuma ya benki. Weka kadi ya chakula mtakachokula karibuni, si akiba.

La mwisho ni mhudumu, na hapa naomba unisikilize kwa moyo wako wote. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 kwa saa kama mshahara wa moja kwa moja, na kiasi hicho hakijapanda tangu mwaka 1991. Yapo majimbo yanayodai zaidi, lakini mengi yameshikilia hapo hapo au karibu yake. Mhudumu wako anaishi kwa kile unachoacha mezani. Amebeba sahani za dola 50, amezunguka meza yenu jioni nzima, halafu unampigia asilimia kwenye zile 25 zilizobaki baada ya vocha? Nimewaona wahudumu wakihesabu bakshishi zao mwisho wa zamu, wakijua kabisa ni meza zipi zilikuwa na vocha. Bakshishi piga kwenye jumla kabla ya punguzo. Ukiona ukifanya hivyo faida inakwisha, basi tangu mwanzo faida haikuwepo, ilikuwa inatoka mfukoni mwa mtu mwingine.

SWALI

Shangazi, heshima yako. Nafanya kazi ofisini, nami nafikiria kununua hizo vocha za bei ya punguzo niwape wenzangu watatu zawadi ya mwisho wa mwaka. Kwenye karatasi inaandikwa dola 25, bei niliyonunulia haionekani. Je, ni sawa?

Mfanyakazi wa Kawaida

JIBU

Mwanangu, kulipa kidogo kwa zawadi hakuna aibu. Shida ni kwamba zawadi hii inamtuma mwenzako atoe fedha. Umempa karatasi ya dola 25; ili aitumie lazima ale cha dola 35, kwa hiyo yeye atalipa angalau 10, na bakshishi juu yake. Akienda na mwenzi wake huenda bili ikafika 60. Umempa zawadi iliyomgharimu zaidi kuliko ilivyokugharimu wewe. Kama ni mtu wa kubana matumizi mwezi huo, ataiweka kwenye droo na kila akikuona ataona deni la kukushukuru kwa kitu ambacho hakukitumia.

Mpe vocha hiyo mtu mmoja tu: yule unayejua kwamba mgahawa ule ni wake, anakula pale hata bila wewe. Wengine wape kadi ya zawadi ya kawaida, hata ya dola 15. Dola 15 ambazo mtu anaweza kununulia chochote kilichoko kwenye menyu ni zawadi kamili. Na kama unanunua mwezi Desemba, migahawa mingi ya matawi mengi huwa na ofa ya kununua kadi ya dola 50 ukapewa nyongeza ya dola 10. Kadi ya 50 toa zawadi, nyongeza kaa nayo wewe. Nyongeza hiyo ni ya muda mfupi, mara nyingi lazima itumike katika miezi michache ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo usiigawe ikamwishia mtu mkononi.

Kwa nini kadi inadumu na nyongeza inakufa? Sheria ya mwaka 2009 iliyoanza kutumika kwenye kadi za zawadi tarehe 22 Agosti 2010 inasema fedha iliyowekwa kwenye kadi haiwezi kuisha muda kabla ya miaka 5. Lakini sheria hiyo imeziacha nje kadi za matangazo na za tuzo, zile ambazo hukuzilipia. Nyongeza ya Desemba iko kundi hilo. Vocha za punguzo ziko katikati, na ndiyo maana zimezua kesi: mwaka 2012 Groupon ilikubali kulipa dola milioni 8.5 kumaliza madai yaliyohusu tarehe za mwisho za vocha zake. Siku hizi kwenye vocha za namna ile, tarehe ikipita, ile sehemu uliyolipia hubaki kuwa yako na ile ya punguzo hupotea. Umelipa 25 kwa vocha ya 50, muda umepita, bado una 25. Watu wengi huitupa karatasi ikiwa ingali na fedha yao ndani.

SWALI

Shangazi, tulifika mgahawani na vocha tuliyonunua mtandaoni, mhudumu akasema hawazipokei tena. Tulilipa bili nzima kwa sababu tulikuwa na wageni. Fedha yetu ndiyo imekwenda?

Baba Mwenye Uchungu

JIBU

Haijaenda, mdogo wangu, na pole kwa fedheha ya mbele ya wageni. Hiyo ni mbaya kuliko hata fedha yenyewe.

Anza na muuzaji wa vocha, maana mkataba wako uko naye. Mwandikie, usipige simu tu: taja namba ya vocha, jina la mgahawa, siku na saa uliyokataliwa, na ambatanisha picha ya bili uliyolipa. Wauzaji wengi hukubali kubadilisha vocha iwe ya mgahawa mwingine, lakini wewe kama hutaki mwingine, sema wazi unataka fedha urudishiwe. Ulilipa kwa kadi ya mkopo? Sheria inakupa siku 60 tangu kutumwa kwa taarifa ya malipo yenye hiyo bei ili upinge kwa maandishi, kwa hiyo angalia tarehe leo. Wakikuzungusha, kila jimbo lina ofisi ya mwanasheria mkuu yenye kitengo cha kulinda watumiaji, na malalamiko yanajazwa bure.

Usikubali kuambiwa kwamba hiyo ilikuwa karatasi ya ofa tu isiyo na nguvu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya New Jersey, kwenye kesi iliyohusu vocha za Restaurant.com, iliamua kwamba vocha hizo ni mali ya aliyezinunua na ni mkataba wa maandishi wa mtumiaji chini ya sheria ya jimbo lile. Uamuzi huo ni wa New Jersey, lakini ukiutaja kwenye barua, anayeisoma atajua anaandikiana na mtu anayezijua haki zake.

Na kwa wote wanaosoma: siku mnayokwenda, pigeni simu mgahawani mchana, muulize kama wanaipokea vocha leo, kwa meza ya watu wangapi, na kima cha chini kinahesabu nini. Mkifika, mwonyesheni mhudumu karatasi kabla ya kuagiza hata maji. Nilipokuwa kaunta, ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa watu wanaoitoa mwishoni, wakiomba bili igawanywe mara mbili ili waingize vocha mbili, na mimi sina ruhusa. Ikikataliwa mapema, mnaweza kuchagua kukaa au kuondoka.

Kama umekwishakataliwa na unataka nikusaidie kuandika barua, nitumie maneno ya masharti kama yalivyochapishwa kwenye vocha yako, jina lako tulifiche, nitaijibu kwenye toleo lijalo.